Mgeni Aliyeomba Kuota Moto

Jioni ile Emil Drozda hakutoka kwenda kutafuta jini wala zimwi. Alitoka kwenda kuchukua viatu.

Fundi wake alikuwa Uptown, kaskazini mwa jiji la Chicago, na viatu vyenyewe vilikuwa vimebadilishwa soli hata ngozi ya juu ikawa inajishikiza kwa huruma tu. Miguu ilimuuma. Mgongo ulimuuma. Alikuwa ameshapita hamsini, mwandishi wa gazeti la jioni tangu ujana wake, na baridi ya Januari ile ilikuwa imemwingia mifupani kama mpangaji asiyetaka kuhama.

Alikuwa anafunga vifungo vya koti aliposikia mhariri wake, Tierney, akimwita kwa sauti ya kusikika chumba kizima.

"Drozda! Mazimwi yako yamepiga simu tena!"

Watu wakacheka. Drozda hakugeuka. Mzaha ule ulikuwa umeanza tangu majani yalipopukutika, pale televisheni ilipoanza kuonyesha, kila Ijumaa, mchezo wa mwandishi wa habari anayefukuzana na mazimwi. Kila wiki mwandishi yule huliona zimwi kwa macho yake. Kila wiki huandika. Na kila wiki mkubwa wake hukichana alichoandika. Basi tangu hapo watu wa Chicago wakawa wanapiga simu magazetini: kuna kitu kwenye mtaro, kuna kitu darini, jirani yangu hali chakula. Wenzake walikuwa wanakata simu. Drozda hakujua kumkatia bibi kizee simu. Ndiyo maana zote ziliishia mezani kwake.

"Ni yule bibi wa Uptown," Tierney alisema. "Yule wa hodi mlangoni. Mpitie umtulize, maana mimi ameshanichosha."

"Naelekea huko huko. Nachukua viatu."

"Unaona? Mwenzio wa kwenye televisheni ana gari. Wewe una miguu mibovu. Lakini moyo ni ule ule." Tierney akacheka peke yake, akarudi kwenye karatasi zake.

Ndani ya treni inayopita juu ya mitaa, Drozda aliegemeza kichwa dirishani akayakumbuka maneno ya bibi yule. Jina lake Verna Skaggs. Alikaa Hoteli ya Marlow, jengo kuukuu la vyumba vya kupangisha kwa wiki. Tangu theluji ianze, majirani zake watatu walikuwa wamekufa. Wote walikutwa wameketi kitini, mikono wameinyosha mbele, wamekauka kwa baridi kama nyama ya kwenye barafu. Na katika vyumba vyote vitatu mabomba ya mvuke ya kupasha joto yalikuwa yanafoka.

Drozda alikuwa amempigia daktari wa maiti.

"Moyo," daktari alisema.

"Wote watatu?"

"Wazee hao, Drozda. Mioyo yao imechoka. Na wangu pia umechoka. Kwaheri."

Alichukua viatu, akavitia kwapani, akatembea hadi Marlow. Jua lilikuwa linazama nyuma ya majengo na upepo wa ziwani ulikuwa unakata masikio. Pale mapokezi alikaa mtu mnene anayeitwa Dale Purvis, anakula dagaa wa kopo kwa biskuti za chumvi.

"Mwandishi?" alisema Purvis bila kusimama. "Wazee wanakufa, bwana. Ndiyo kazi iliyowabakia."

"Hiyo naweza kuiandika?"

Purvis akaacha kutafuna. "Usiandike jina langu."

Verna Skaggs alikuwa anamngoja mlangoni pa lifti, kabibi kadogo kamevaa sweta mbili. Alimtazama kutoka utosini hadi miguuni.

"Ndiye wewe? Nilidhani utakuwa mrefu."

"Hata mke wangu alidhani hivyo, mama."

Bibi akacheka, na kicheko kile kikamwondolea Drozda nusu ya hasira aliyokuja nayo. Walipanda juu. Chumba cha bibi kilikuwa na joto la tanuri. Mabomba yaligonga na kufoka chini ya dirisha, sufuria ya maharage ilitokota kwenye jiko dogo, na picha ya mume wake, mchimba makaa wa milima ya West Virginia aliyeuawa na vumbi la mgodi, ilining'inia juu ya kitanda. Mtaa mzima ule ulikuwa umejaa watu wa milima ile. Walikuja kufuata viwanda. Viwanda vikawala ujana wao, vikawatema.

Alimpa kahawa na kipande cha mkate wa mahindi. Drozda alivua koti, akakaa, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi miguu yake ikapumua.

"Mama Skaggs, niambie kweli. Kwa nini mimi? Polisi wapo. Mchungaji yupo."

"Polisi alikuja. Alisimama hapo mlangoni, hata kofia hakuvua. Mchungaji akaniombea, akaangalia saa. Hakuna aliyekaa, baba. Wewe ndiye wa kwanza kukaa."

Drozda alitazama kikombe chake.

"Yule wa Ijumaa," bibi aliendelea, "unajua kwa nini sisi hapa tunampenda? Tunakusanyika chini wote kumtazama, hata Otis wa chumba cha pili ambaye hasikii vizuri. Sura hana. Ujasiri hana, akiliona zimwi anatimua mbio kama kuku. Lakini anakwenda! Kizee kama mimi akimwambia nimeona kitu, anamuuliza: wapi? Kinafananaje? Kilisema nini? Sisi hapa nani anatuuliza? Tunakufa, na wanasema ni moyo."

"Na mwisho wake hakuna anayemwamini."

"Kwani sisi wanatuamini?" Bibi akamwongezea kahawa. "Wiki inayofuata unamwona tena yuko kazini. Amechoka, lakini yuko. Hilo tu linatutosha."

Drozda akanywa. Siku hizo alikuwa anafikiria kuacha kazi. Alikuwa na barua ya kujiuzulu kichwani, ameshaitunga mara nyingi ndani ya treni, na kila akifika kazini alijiona mvivu hata wa kuiandika. Akauliza tu, kwa mazoea: "Anakuja saa ngapi, huyo wako wa hodi?"

"Mwanga ukiisha."

Wote wawili wakatazama dirisha. Kioo kilikuwa cha bluu. Kikawa cha kijivu. Kisha kikawa cheusi.

Mabomba yakaacha kugonga.

Hayakupoa. Drozda aliweka kiganja juu ya chuma, akakiondoa haraka, kilikuwa kinaunguza. Lakini pumzi yake ilitoka mdomoni ikiwa moshi mweupe.

Kule nje, kwenye korido, kulikuwa na nyayo. Polepole. Zikiburuta, kama za mtu aliyetembea siku nzima kwenye theluji. Na harufu... harufu ya koti la sufu lililolowa, na chuma, na udongo wa chini ya nyumba.

Hodi.

Taratibu, kwa adabu.

"Samahani," sauti ilisema nje. "Nimetoka mbali. Nimechoka. Nifungulie niote moto kidogo."

Verna alikuwa ameziba mdomo kwa mikono yote miwili. "Unamsikia anavyosema?" alinong'ona. "Hivyo ndivyo tulivyosema kwetu, bondeni. Hivyo hivyo. Miaka mingapi sijasikia mtu akisema hivyo..."

Lakini Drozda hakusikia lafudhi ya milimani. Alisikia Kicheki. Kicheki cha jikoni kwa mama yake, lugha ambayo hakuitia mdomoni tangu siku alipomzika. *Nifungulie, mwanangu. Na wewe umechoka. Nasikia kwenye pumzi yako. Nifungulie, tukae pamoja.*

Na kweli alikuwa amechoka. Aliuhisi uchovu wake wote kwa mpigo, wa miaka yote ile, kama mtu aliyetuliwa mzigo kisha akaambiwa aubebe upya.

Kitu kikambana kifundo cha mkono. Vilikuwa vidole vya Verna, vikavu, vigumu kama vijiti.

"Bwana Drozda," alinong'ona. "Ondoa mkono kwenye mnyororo wa mlango."

Akatazama. Alikuwa amesimama mlangoni. Hakukumbuka kuinuka.

Akaurudisha mkono. Nje kukawa kimya... Kisha nyayo zikaburuta, zikasogea mlango wa pili.

Hodi.

"Otis," Verna alisema. "Otis hana mtu yeyote. Ee Mungu, usifungue, Otis, usifungue..."

Wakasikia mnyororo ukishuka. Wakasikia sauti ya mzee, sauti yenye furaha ya mtu aliyetembelewa: "Ingia, ingia, ndugu yangu! Funga mlango, utaugua!"

Drozda hakuwa shujaa. Alijua hilo, na angeweza kukaa pale pale. Asubuhi angempigia daktari wa maiti, na daktari angesema moyo. Alimtazama Verna. Bibi hakumwambia nenda. Alimtazama tu, kama anavyotazamwa mtu aliyekaa kunywa kahawa yako.

Akafungua mlango, akatoka.

Korido ilikuwa baridi kama chumba cha kuhifadhia nyama. Mlango wa Otis Tackett ulikuwa wazi nusu. Ndani taa inawaka. Mabomba mekundu kwa joto, rangi ya ukutani inababuka. Na kioo cha dirisha kimeganda barafu, kwa ndani.

Otis alikuwa ameketi kitini, amenyosha mikono. Mbele yake kulikuwa na mtu aliyepiga magoti, ameupa mlango mgongo. Alikuwa ameishika mikono ya mzee ndani ya mikono yake, anaisugua taratibu, kama mtu anayeota moto.

Otis alikuwa anatabasamu. Midomo yake ilikuwa ya bluu.

Mgeni akageuza kichwa.

Laiti angekuwa na meno ya mnyama, Drozda alisema baadaye. Laiti angekuwa na macho ya moto. Lakini ilikuwa sura ya mtu. Sura ya mtu unayesimama naye kituoni kila asubuhi, na kesho yake huwezi kumkumbuka. Ilikuwa na huzuni. Ilikuwa imechoka sana.

"Ingia," alisema. "Funga mlango. Baridi inaingia."

Drozda alitaka kupiga kelele. Alitaka kukimbia kama kuku. Lakini kinywa chake, kilichofanya kazi moja maisha yake yote, kikafanya kazi ile ile.

"Jina lako nani?"

Mgeni akaendelea kuisugua mikono ya mzee.

"Jina lako," Drozda alirudia. "Jina kamili. Umetoka wapi?"

"Mbali."

"Mbali wapi? Mji gani? Nani anakufahamu pale?"

Mikono ya mgeni ikaacha kusugua. Akafungua kinywa, na ndani yake ikatoka sauti ya mwanamke kizee: "Mimi Lula Stamper, wa Harlan..." Kisha sauti ya mwanamume, yenye kikohozi. Kisha nyingine, na nyingine, zikisukumana kama watu mlangoni pa treni. Drozda aliyatambua majina matatu, ya majirani wa Verna waliokufa. Mengine hakuyajua.

"Hao uliwachukua," alisema. "Nakuuliza wewe. Wewe nani?"

Sauti zikanyamaza. Ule uso usiokumbukika ukakunjamana, kama wa mtoto aliyepotea sokoni akaulizwa nyumbani kwao wapi. Akaiachia mikono ya mzee. Akasimama. Alikuwa mrefu kuliko alivyodhaniwa.

"Sijui," alisema. "Hakuna aliyewahi kuniuliza."

Akaja mlangoni. Drozda alibanwa ukutani, hana pa kwenda. Mgeni akasimama mbele yake, karibu kabisa, na hakuna pumzi iliyotoka mdomoni mwake.

"Na wewe? Jina lako nani?"

"Emil Drozda," alijibu. Lilimtoka lenyewe, kama linavyomtoka kila mlango anaobisha. "Wa gazeti."

Mgeni alitikisa kichwa taratibu. Midomo yake ikacheza bila sauti, kama mtu anayekariri kitu. Kisha akapita. Bega lake liligusa mkono wa kushoto wa Drozda, na nyayo zikaburuta koridoni, zikashuka ngazi, zikatokomea.

Mabomba yakaanza tena kugonga.

Otis Tackett hakufa. Watu wa gari la wagonjwa walivua glovu zao ili kuhakikisha wanachokigusa. "Huyu mzee alikuwa nje kwenye theluji?" waliuliza. Verna akawaambia hapana. Wakatazama mabomba, wakatazamana, wakaandika kwamba alikuwa nje. Alipoteza vidole, lakini alirudi Marlow akiwa hai na mwenye hasira, akilalamikia chakula cha hospitali.

Drozda aliandika yote. Tierney alisoma akiwa amesimama, hadi mwisho, na kwa mara ya kwanza hakucheka.

"Ni nzuri," alisema. "Haiwezekani."

"Nilikuwepo, Tierney."

"Najua ulikuwepo. Ninakuona ulivyo." Alimtazama mkono wa kushoto, ambao Drozda alikuwa ameufunga kwa skafu ndani ya ofisi yenye joto. "Ukitaka nikuamini mimi, nakuamini. Ukitaka nichapishe, watatufukuza wote wawili."

Kilichochapwa kilikuwa kihabari cha ukurasa wa ndani: mzee ajeruhiwa na baridi, mitambo ya joto ya jengo itakaguliwa.

Wakaguzi walikuja, hawakuona kasoro. Lakini Drozda alipopita tena Marlow, Purvis alimvutia pembeni, akazungumza akiangalia sakafu. Alisema majira ya baridi ya mwaka juzi, usiku wa dhoruba, mtu mmoja aligonga mlango wa mbele. Aligonga kwa adabu. Aliomba aote moto tu. Amri ya mwenye jengo ilikuwa asiyepanga asiingie, na Purvis hakufungua. Asubuhi walimkuta ngazini, ameketi, mikono ameinyosha mbele. Mifukoni hakuwa na kitu. Jiji lilimzika bila jina.

"Ndiye?" Purvis aliuliza.

"Sijui."

Alipomweleza Verna, bibi alitikisa kichwa. "Huenda. Lakini bibi yangu alituonya juu ya mgeni wa namna hiyo nikiwa mdogo, na wakati huo hoteli hii haijajengwa." Akatazama mlango. "Huenda wako wengi, baba. Watu waliofungiwa milango ni wengi."

Wiki zilipita. Hodi haikusikika tena Marlow. Mkono wa Drozda haukupata joto. Mkewe alikuwa anaukanda kila jioni kwa mafuta na maji ya moto, na kila jioni mke ndiye aliyeinuka akitetemeka. Barua ya kujiuzulu hakuiandika. Hakujua kwa nini.

Ijumaa moja wazee walimwalika. Alienda, amechoka kama kawaida, akakaa katikati ya Verna na Otis kwenye sebule ya chini iliyojaa moshi wa sigara na harufu ya kabichi. Kwenye televisheni mwandishi yule alitimua mbio, akapiga kelele, akapiga picha ambazo zilitoka nyeusi tupu. Wazee walishangilia. Mkubwa wake alipoichana habari, Otis alimrushia karanga kwa mkono usio na vidole. Drozda akacheka mpaka machozi yakamtoka, na kwa muda mfupi alijihisi mwepesi.

Mchezo ulipokwisha Purvis alichungulia. "Mwandishi. Simu. Wamekutafuta gazetini, gazeti wakasema uko hapa."

Alikwenda mapokezi, akashika mkonga wa simu kwa mkono wake mzima.

Alikuwa mwanamke, kijana kwa sauti, ananong'ona. Nyuma yake mtoto alikuwa analia.

"Wewe ndiye yule mwandishi anayesikiliza watu?"

"Ndiyo, dada. Kuna nini?"

"Naishi upande wa kusini wa jiji. Bomba la joto linafoka lakini nyumba imekuwa baridi ghafla, na... na kuna mtu mlangoni. Anabisha. Anasema ametumwa na gazeti, anataka kuniuliza maswali." Mtoto akalia zaidi. "Anasema anaitwa Emil Drozda."

Sebuleni wazee walikuwa bado wanacheka.

"Bwana? Upo?"

"Usifungue," alisema. "Dada, nisikilize vizuri. Akisema neno lolote, akiongea kama mama yako, usifungue. Mfunike mtoto, kaeni mbali na mlango. Nipe anwani yako, nakuja sasa hivi."

Verna alikuwa ameshafika nyuma yake na koti lake. Alimshikia tu, naye akaingiza mkono mmoja, kisha ule wa baridi.

"Sawa," mwanamke alinong'ona kwenye simu, akampa anwani. "Sawa. Lakini bwana..."

"Ndiyo?"

"Na wewe ukifika, ukibisha hodi... nitajuaje kuwa ni wewe?"